Mtoto wa Kukatia Utepe

Tende zilinyang'anywa kabla uji haujapoa. Sista Awino aliuona mfuko ukichungulia chini ya mto, akatia mkono, akauchomoa, kisha akainama mpaka uvunguni akaokota na kokwa ambazo Mejumaa alikuwa amezitupa huko akidhani hazitaonekana.

"Nani amekuletea hizi?"

"Bi Mwanakuu. Mwenye nyumba wetu kule Kuze."

"Umekula ngapi?"

Mejumaa alikuwa amekula nyingi. Kule Kuze hakuna mwanamke asiyejua kwamba mja mzito aliyepitisha tarehe hulishwa tende ili njia ilainike, hunyweshwa chai ya mdalasini, na huambiwa apande ngazi na kushuka mpaka jasho limtoke. Humu hospitalini mlikuwa na dini nyingine. Humu tende zilikuwa haramu kama tembo la mnazi.

"Wewe wataka nifukuzwe kazi," Awino alisema. "Si umeambiwa Alhamisi? Uchungu ukikushika leo, mimi nitamwambia nini Daktari Lewis? Kwamba ni tende?"

Akautia mfuko ndani ya mfuko wa sare yake akaondoka. Kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshajitilia moja mdomoni.

Wadi ilikuwa mpya, haijafunguliwa rasmi, na mgonjwa alikuwa yeye peke yake. Vitanda vyote vilikuwa bado na plastiki za kiwandani, hata hicho alicholalia, kwa kuwa Bi Beryl, mpanga sherehe, alitaka magodoro yang'ae kwenye picha. Kila akijigeuza plastiki inalia chini yake, na jasho linamjaa mgongoni na kushuka mpaka kwenye makalio. Rangi ya kuta ilikuwa haijakauka. Harufu yake ilimpanda puani, na asubuhi ile, kama asubuhi zote, uji uliingia ukatoka. Choo kilikuwepo, kizuri, cheupe pe, lakini mlango wake umefungwa kwa utepe. Hakikaliwi mpaka mheshimiwa atakayekuja kuifungua wadi akione. Mejumaa akibanwa hupewa beseni, akachuchumaa na tumbo lake lile katikati ya sakafu ya marumaru, na beseni likakaa pale mpaka mfagiaji akumbuke kupita.

Ng'ambo ya ukuta ilikuwa wadi ya zamani. Aliwasikia wanawake wa huko wakilia uchungu mchana kutwa. Huko walilala wawili wawili kitandani, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na wengine chini. Huku vitanda vitupu vilikuwa vimepangwa mstari, vinamngoja mtu mmoja aje avitazame.

Hakuletwa kwa nguvu, na hilo ndilo lililomkera zaidi kila akilifikiria. Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake. Kule zahanati alikokuwa akipimwa waliona tarehe imepita na tumbo limetulia tu, halina habari, wakamwambia aende hospitali kubwa akaanzishwe uchungu, wala asivushe wiki hiyo. Hospitali ikamwambia hakuna kitanda. Alikuwa amekaa kwenye benchi na wenzake, miguu imemvimba hata viatu havimwingii, Bi Beryl alipotokea.

Bi Beryl alikuwa mtu wa ofisi ya mheshimiwa, wa kupanga sherehe. Alikuja na Daktari Lewis, mkubwa wa hospitali, wakawa wanapita mbele ya benchi wakitazama matumbo kama watu wanaochagua tikiti maji sokoni. Wenye uchungu Bi Beryl hakuwataka. Mwenye uchungu hasubiri mtu.

"Nani hapa amepitisha tarehe na hana maumivu?" aliuliza.

Mejumaa aliinua mkono. Aliuinua haraka, akaogopa mwingine asimtangulie.

Daktari Lewis alimbonyeza tumbo pale pale benchini, mbele za watu. "Huyu anapangika," alimwambia Bi Beryl. "Alfajiri ya Alhamisi tunamtia dripu ya uchungu. Mheshimiwa akifika kukata utepe, utakuwa na mtoto wako."

Mtoto wako. Alikuwa akimwambia Bi Beryl. Mejumaa alilisikia neno hilo akalimeza, kwa sababu lilikuja pamoja na kitanda.

Na halikuja na kitanda peke yake. Bi Beryl aliuliza yeye hufanya kazi gani, akaambiwa alikuwa akikaanga mihogo kule ufukweni Mama Ngina mpaka siku vibanda vilipovunjwa, na karai lake likabondwabondwa mbele ya macho yake. Bi Beryl akatabasamu. Akasema mheshimiwa siku ile ile, mbele ya kamera, atamkabidhi mama wa mtoto wa kwanza kibanda kipya, cha bati la rangi, pale pale Mama Ngina. Masha, mumewe, alipoelezwa hilo, aliegesha tuktuk ya watu katikati ya njia akapiga honi peke yake kama mwendawazimu.

Alhamisi ikafika. Daktari Lewis alikuja alfajiri mwenyewe, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama. Dripu ikatundikwa. Sindano ikaingia mkononi. Mejumaa akapiga bismillahi, akalishika tumbo kwa mkono wa pili akamwambia mtoto kimoyomoyo, haya mama, leo ndiyo leo. Awino alikuwa ameshika kifungulio cha maji akingoja neno tu, simu ya daktari ikalia.

"Naam, Bi Beryl. La, hatujafungua. Nairobi? Mpaka lini? Haya, haina shida. Nimekwambia hatujafungua."

Akairudisha simu mfukoni. "Toa," akamwambia Awino.

"Nitoe?"

"Mheshimiwa amekwama Nairobi. Sherehe imesogezwa mpaka Jumatatu."

"Daktari," Mejumaa alisema, "mimi sikuja kwa ajili ya sherehe. Mimi nilikuja nianzishwe. Kule zahanati waliniambia nisivushe wiki hii."

"Mama, zahanati ni zahanati. Tarehe ni makadirio tu. Siku mbili tatu hazina neno."

"Na mtoto je?"

"Mtoto si hajalalamika?" Daktari akacheka, akamtazama Awino ili naye acheke, na Awino akacheka kidogo.

Dripu ikashushwa. Sindano waliiacha mkononi, imebandikwa plasta, ili Jumatatu wasihangaike kutafuta mshipa. Mkono ukavimba kuizunguka.

Mtoto huyu alikuwa mkorofi tangu alipoanza kucheza. Mejumaa alipokuwa akikaanga, mafuta yakichacharika tu kwenye karai, naye humo ndani huanza vurugu zake, mpaka wateja wakawa wanauliza, mama, huyo ana njaa au anataka pilipili? Ijumaa alicheza, lakini kwa uvivu. Jumamosi alijigeuza kama mtu anayetafuta upande mzuri wa mto, akatulia, na Mejumaa akashinda na viganja juu ya tumbo akimsubiri ajigeuze tena.

"Sista, hachezi kama zamani."

Awino alikuja na kile kipembe cha kusikilizia watoto, akakisimamisha juu ya tumbo, akaweka sikio. Alisikiliza muda. Mejumaa alikuwa akimtazama usoni, na uso ule ulikuwa umefungwa.

"Yupo."

"Moyo wapiga vizuri?"

"Nimekwambia yupo." Akakunjakunja shuka isiyokuwa na haja ya kukunjwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, macho mlangoni: "Ningekuwa mimi ndiye mwenye kuamua, ungeanzishwa juzi. Lakini mimi si mwenye kuamua, na nina watoto wanasoma."

Basi yeye alijua. Mejumaa alikuwa amejipa moyo kwamba pengine hawa watu hawajui.

Alijifunga leso, akachukua kipochi chake akatoka. Ngazi hazikuwa mbali. Mlangoni palikuwa na askari ameketi kwenye kiti cha plastiki, anakula karanga.

"Waenda wapi, mama?"

"Natoka. Nakwenda kutafuta hospitali nyingine."

"Wewe hutoki." Hakuinuka hata. Alikunja mguu tu ukaziba njia. "Nimeambiwa wewe ni wa Jumatatu."

Akampigia simu Masha. Masha akaja alasiri pamoja na Bi Mwanakuu, na Mejumaa alipowaona tu alijua kwamba amechelewa. Masha alikuwa na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, kifuani pamechapwa picha ya mheshimiwa anacheka. Bi Mwanakuu, yule yule aliyempenyezea tende kwenye kapu la chapati, safari hii alikuja na bunda la leso.

"Sabalkheri, mwanangu. Ama tuseme msalkheri, jua laelekea kuchwa. Waonaje hali?"

"Si nzuri, bi. Mtoto hachezi."

"Hujatulia wewe, ndiyo maana. Tazama hapa kwanza." Bi Mwanakuu alilifungua bunda. Leso zilikuwa za kijani, uso ule ule wa mheshimiwa katikati, na chini yake maandishi: MAMA SALAMA, MTOTO SALAMA. "Sisi wa lelemama tumeitwa tuje tuteze. Tangu mimi nianze kuongoza ngoma hatujaitwa na serikali hata siku moja. Hii moja ni yako, ya kuvaa kwenye picha. Lakini usiichafue, baadaye zarudishwa zote ofisini."

"Bi Mwanakuu, tende zangu zilichukuliwa. Niletee nyingine. Niletee na mafuta ya nyonyo, nitayanywa."

Bi Mwanakuu alikunja leso yake taratibu, pembe kwa pembe. "Ngoja kidogo, mwanangu. Jumatatu si mbali. Mwana yumo tumboni, atapotelea wapi?"

Mejumaa akamgeukia mumewe. "Masha, nitoe humu. Nipeleke popote. Hata nikazae chini sakafuni, sijali."

"Popote wapi? Kule Kizingo kwenye hospitali za wenyewe, wenye pesa? Hata lango hawatatufungulia."

"Basi hapo wadi ya zamani. Waambie wanihamishe huko, nianzishwe leo."

"Mejumaa." Aliketi kitandani na plastiki ikalia. Hakuwa mtu mbaya, Masha. Mikono yake ilikuwa inanuka mafuta ya injini, na macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi. "Daktari ni mtu amesoma. Angekuwa ameona hatari angekuacha? Vumilia hizi siku mbili. Nimekwenda kukiona kile kibanda. Kimeshapigwa rangi. Kina dirisha la kufungua juu, mvua ikija hulowi."

"Kibanda kitamnyonyesha nani, Masha?"

Bi Mwanakuu aliyavuta macho yake pembeni, akasema kuna joto humu, kwa nini hawafungui madirisha.

Jumapili mchana Bi Beryl alikuja na Daktari Lewis na watu wa kamera kufanya majaribio. Waliingiza kiti chenye mto mwekundu, na maua ya plastiki, na jagi la maji lenye glasi ambazo Mejumaa hakuruhusiwa kuzigusa. Wakamketisha. Wakamvika ile leso mabegani. Bi Beryl akauchukua mto wa kitandani, akauzungushia shali nyeupe, akampakatisha Mejumaa.

"Huyu ndiye mtoto. Mheshimiwa atatokea upande huu, wewe unamwinua kidogo, hivi. Usimzibe uso. Haya, tabasamu, mama."

Mejumaa alikuwa ameupakata mto.

"Tabasamu basi. Mbona umenuna? Watu watasema tumekulazimisha."

"Hachezi," Mejumaa alisema.

"Nani?"

"Mtoto. Tangu asubuhi hajacheza hata mara moja."

Watu wa kamera walishusha macho. Bi Beryl alimtazama Daktari Lewis. Daktari aliitazama saa yake.

"Watoto wakikaribia kutoka hutulia," alisema. "Hawana nafasi. Kesho alfajiri tunaanza."

"Nianzishe leo, daktari. Nakuomba. Nakushika miguu."

"Tukikuanzisha leo utazaa usiku," Bi Beryl alimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto. "Na usiku mheshimiwa hatakuwepo. Sasa tutakuwa tumefanya nini?"

Wakaupiga picha mto kwa pande zote, wakaridhika, wakaenda zao. Walipoondoka Mejumaa alianza kutembea. Alizunguka vitanda vile vyote, akageuka, akazunguka tena, akishika vyuma na kuchuchumaa, akiinuka na kuchuchumaa, akimwita mwanawe kwa kila jina alilowahi kumwaza. Tumbo lilikaza mara moja, mara ya pili, likaachia. Alimkanya, akamtukana hata, amkasirishe. Hakupata teke.

Jumatatu alfajiri, kabla ya dripu, Awino alikisimamisha kipembe upande wa kushoto. Akakihamishia kulia. Chini ya kitovu. Juu. Akarudi kushoto. Kwa nje walikuwa wanajaribu vipaza sauti, moja mbili, moja mbili, naye akainua kichwa akafoka, "Hawawezi kunyamaza hao?" Akasikiliza tena. Alipoinuka, sikio lake lilikuwa na alama nyekundu ya duara.

Hakusema yupo. Alitoka mbio.

Daktari Lewis alikuja na mashine, akaipitisha juu ya tumbo, mashine ikavuma upepo mtupu. Aliifuta mafuta kwa karatasi, vizuri kabisa, akaifunga waya wake.

"Mhamishieni wadi ile nyingine," alimwambia Awino. "Kwa mlango wa nyuma. Akamalizie huko."

"Nikamalizie nini?" Mejumaa aliuliza. "Daktari, nikamalizie nini?"

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni, simu sikioni.

Walimpitisha jikoni, kwenye ukumbi wa ndoo na mifagio, mbele ya masufuria ya pilau ya wageni. Mvuke wa nyama ulimpiga usoni akatapika juu ya miguu yake mwenyewe, na msukuma kitanda akasema ah, mama, nawe. Wadi ya zamani ilinuka damu iliyolala na dawa ya kupigia deki. Aliwekwa kitanda kimoja na msichana wa Kigiriama aitwaye Nyevu, aliyezaa usiku. Nyevu alijivuta ukutani ampishe, mwanawe kifuani, kichwa cheusi chenye nywele tele kikichungulia kwenye kipande cha leso.

Na hapo sasa ndipo dripu ilipofunguliwa. Haikungoja simu ya mtu. Maji yalishuka tone kwa tone, upesi upesi, na uchungu ukaja wote kwa mpigo.

"Mwanianzishia nini sasa?" alimwuliza Awino.

Awino alikuwa akimfuta miguu matapishi. Machozi yalikuwa yakimdondoka puani, naye anayafuta kwa bega. "Lazima atoke, dada yangu," alisema. "Hata hivyo lazima atoke."

Bi Beryl alikuja na viatu vyake virefu, kitambaa puani, daktari nyuma yake. Wakasimama miguuni pa kitanda wakazungumza kana kwamba kitanda hakina mtu.

"Kwa hiyo hakuna mtoto?"

"Mtoto yuko. Ila..."

"Lewis, mimi nataka anayelia. Msafara umeshaingia kisiwani. Nimeandikia watu hotuba, jina la mama liko ndani, mume amekaa kiti cha mbele." Akashusha kitambaa. Macho yake yalikuwa yamemfikia Nyevu. "Huyo je? Wa jinsia gani?"

Nyevu alimkumbatia mwanawe. "Wangu huyu."

"Tunajua ni wako, mama. Tunamwazima kidogo tu, apigwe picha na mheshimiwa. Ni baraka hiyo. Utarudishiwa na zawadi."

"Hajanyonya."

"Ndiyo vizuri, atalia," Bi Beryl alisema.

Alichukuliwa. Nyevu alishuka kitandani amfuate, damu ikamchirizika mapajani, akaanguka magoti, na wanawake wawili waliokuwa wamelala chini wakamshika. Alikuwa akilia kwa Kigiriama, neno moja hilo hilo. Mejumaa alitaka kumshika mkono asiweze, maana mwili wake mwenyewe ulikuwa umeshapasuka vipande viwili.

Nje ngoma ikaanza. Alizitambua sauti za kina mama wa Kuze, alimtambua na Bi Mwanakuu mwenyewe akiongoza, sauti yake nyembamba inapanda juu ya zote, inamsifu mheshimiwa na kizazi chake. Vigelegele. Ving'ora vya magari. Makofi. Kipaza sauti kilikuwa kimefungwa juu ya mti nje ya dirisha, kikimwaga kila neno humo ndani juu ya wanaolia.

"Na sasa, ndugu zangu, habari njema! Katika wadi hii hii ya kisasa, mama yetu Mejumaa, muuza mihogo, mwananchi wa kawaida kabisa, amejifungua salama salimini mtoto wa kiume!"

"Sukuma," Awino alisema. "Sukuma, mama."

"Baba wa mtoto yuko wapi? Baba Masha, njoo huku! Njoo umpokee mwanao kutoka mikononi mwa mheshimiwa!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Kipaza sauti kikakwaruza. Kisha Mejumaa alimsikia mumewe. Alikuwa analia. Mji mzima ulimsikia Masha analia kwa furaha.

"Sina la kusema. Nashukuru. Mheshimiwa, nashukuru sana, sina la kusema."

Mtoto alitoka wakati huo. Alikuwa wa kike. Mkubwa, mwili umejaa, kucha zimeota zikapita vidole, ngozi inambanduka viganjani na nyayoni, na maji aliyotoka nayo yalikuwa mazito, ya kijani kibichi. Awino alimpangusa haraka haraka, akampiga mgongoni, akamfikicha, akampiga tena, ingawa alijua. Akatafuta kitu cha kumfunga asikione. Shuka zilikuwa zimekwisha tangu usiku. Mwisho akaivuta ile leso ya kijani iliyokuja na vitu vya Mejumaa, akamviringisha ndani yake, akamlaza ubavuni pa mama yake.

Uso wa mheshimiwa uliangukia tumboni pa mtoto. Ulikuwa unacheka.

Mejumaa hakulia. Alimfunua vidole akazitazama zile kucha ndefu. Zilikuwa zimemngoja mheshimiwa.

Nyevu alirudishiwa wake ngoma ilipokwisha. Aliletwa na mfagiaji, amenyamaza kwa kulia, ananuka marashi ya watu wakubwa, kichwani amevikwa kofia nyeupe ya sufi iliyotariziwa maneno: WA KWANZA. Nyevu alimnyang'anya, akamnusa kila mahali, akamtia titi.

Kisha Masha akaja. Alikuja anakimbia, shati limelowa, mkono mmoja ameshika sahani ya pilau iliyofunikwa, mwingine simu.

"Mejumaa! Mbona wamekuleta huku? Nimekutafuta kule, wadi wameifunga kufuli!" Aliiweka sahani juu ya kitanda, akapiga magoti, akamsogezea simu usoni. "Nimemshika, mke wangu. Nimemshika kwa mikono hii. Amenishika kidole, hataki kuachia! Tazama nywele, tazama. Mama yangu mtupu."

Kwenye simu Masha alikuwa amesimama na mheshimiwa, mtoto kati yao, wote vinywa wazi.

Mejumaa alimtazama. Masha alikuwa ameshageuka, ameiona ile kofia kwenye titi la Nyevu, na kicheko kikamganda nusu.

"Si huyu hapa? Mbona yuko kwako, dada? Haya, nipe."

"Ni wangu," Nyevu alisema, akajikunja ukutani.

"Wako vipi? Nimepewa mimi, mbele ya umma."

"Masha," Mejumaa alisema.

"Ngoja kwanza, huyu mtu..."

"Masha. Wetu huyu hapa."

Akaitazama leso. Aliitazama muda mrefu, kisha akaitazama simu yake iliyokuwa bado inawaka mkononi, kisha leso tena. Mkono wake ulikwenda ukafunua pembe moja, ukasimama.

Askari wa mlangoni aliingia, meno yana nyuzi za nyama. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyevu, akaifungua kamba ya kofia kidevuni pa mtoto, akaikung'uta, akaitia mfukoni.

"Bi Beryl anasema vitu vya picha virudi," alisema. Akamgeukia Mejumaa. "Na ile leso yako."

Askari akaangaza kitandani, akaiona, akanyoosha mkono.

"Fanyeni haraka basi, gari laondoka," akasema, na mkono ukabaki pale pale, umefunguliwa.